Mwaka wa Dripu

Mwalimu Sefu alizikwa Alhamisi iliyopita, nami nilikwenda. Sikwenda kwa mapenzi. Nuru, binti wa mama yangu mdogo, aliniomba nimsindikize, na Nuru siwezi kumkatalia jambo. Tulikalishwa ndani pamoja na wanawake wenzetu, kwenye sebule pana ya vigae vinavyong'aa, na kwa muda mrefu nilisikiliza watu wakimsifu marehemu. Alisaidia masikini. Alifungua zahanati wakati hakuna aliyethubutu. Hakuna mtoto wa Kariakoo wa siku zile ambaye hakupita mikononi mwake, ama darasani ama kwenye vitanda vya zahanati. Kadiri walivyosifu ndivyo nilivyosikia harufu ya nyama ya siku nyingi ndani ya beseni la plastiki, harufu niliyodhani pua yangu imekwisha kuisahau. Kisha Nuru akajiweka sawa kwenye mkeka, akasema kwa upole, mbele ya wote, kwamba yeye yuko hai kwa sababu ya Mwalimu Sefu. Kwamba alipokuwa msichana alipelekwa kwake hana pumzi, na ni yeye aliyemwekea dripu iliyomrudisha duniani. Wanawake wakaitikia mashaallah. Mjane akamshika mkono akalia. Mimi niligeuza uso nikatazama ukuta, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo, na dripu hiyo niliichomoa mimi.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ya ruksa. Wengi wanaikumbuka kama sikukuu: baada ya foleni zote zile za sukari na sabuni, ghafla maduka ya Kariakoo yakajaa, na kila mwenye kibaraza akawa mfanyabiashara. Mimi naikumbuka kwa pua. Nilikuwa kidato cha sita, nasoma fizikia, kemia na baiolojia, na nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Tatu, Mtaa wa Sikukuu, katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili. Mama mdogo aliuza mitumba, na marobota yake yalilala humo humo tulimolala sisi. Wakati ule watu bado waliziita nguo hizo kafaulaya, za mtu aliyefia Ulaya, na harufu yake ilistahili jina hilo: dawa ya nondo, jasho la mtu usiyemjua, na kitu kingine kilichooza kidogo ambacho hata jua la uani halikukitoa. Tulikula humo, tulivaa humo, na wali wetu ulinuka koti. Nuru alikuwa na miaka kumi na minne, na alilala ameketi, mgongo kauegemeza kwenye robota. Akilala chali alikohoa. Mama mdogo alisema mtoto anajidekeza. Nami, niliyekuwa nachukia kila kitu ndani ya chumba kile, niliona afadhali yeye aliyepata mto mkubwa kuliko wetu.

Jioni nilikwenda tuisheni. Mwalimu Sefu alifundisha baiolojia katika shule ya serikali, na alikuwa na mtindo uliokuwa umewashika walimu wengi: asubuhi darasani anafundisha nusu ya somo, anafunga kitabu, anasema, "Mengine tutayaona kule." Kule ni chumba cha nyuma, ghorofani, katika jengo la zamani la Mchafukoge, alichopangishwa na familia ya Kihindu iliyouza vitambaa chini. Mama wa familia hiyo, tuliyemwita Mama Bharati, hakula nyama wala yai, na nyumba yake ilinukia giligilani na ubani. Sharti lake kwa mpangaji lilikuwa moja tu, kwamba nyama isipande ngazi zile. Mwalimu Sefu alikubali, akashukuru, na kila Jumatatu alipandisha moyo wa ng'ombe uliofungwa gazeti ndani ya kikapu, juu yake kapanga mafungu ya mchicha. "Shikamoo mama. Mboga hizi, tunajifunza mimea," anamwambia, anamfunulia kikapu kidogo aone kijani. Mama Bharati anaitikia marahaba, anafurahi kwamba mwalimu wa Kiislamu naye anapenda majani. Wanafunzi nyuma yake wanajiuma midomo wasicheke. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu. Mara ya pili nilimwangalia yule mama anavyotabasamu, nikaona haya kama vile kikapu nimekibeba mimi.

Moyo wenyewe ulikuwa na habari yake. Kwa utaratibu, mkaguzi wa nyama huupasua kila moyo kwa kisu kabla haujatoka machinjioni, atazame kama kuna minyoo ndani ya msuli. Kwa hiyo moyo wa sokoni siku zote umekatwa, na mwanafunzi anayeununua ili ajifunzie anachora mpaka jeraha la kisu akidhani ni umbile. Kijana mmoja wa shule nyingine aliandika kwenye mtihani wa majaribio kwamba chumba cha kushoto cha chini kina mlango wa kutokea nje. Mwalimu Sefu alitusomea jibu hilo akacheka mpaka akatoa machozi, maana moyo wake yeye ulikuwa mzima. Alikuwa na mtu wake machinjioni aliyemtolea kabla mkaguzi hajafika. Ukiutia maji hauvuji, na hilo ndilo lililotutoa kwa walimu wengine tukamfuata yeye. Lakini moyo mmoja ulipaswa kutosha madarasa yote ya wiki. Friji hakuwa nayo, fomalini ya kuuhifadhia hakutaka kununua. Aliuweka chini ya meza kwenye beseni la maji ya chumvi. Jumanne maji yalikuwa ya waridi, Jumatano ya kijivu, na Alhamisi tulisoma tukiwa tumeziba pua kwa leso. Mama Bharati aliwasha ubani ngazini, akabisha mlango akauliza kama kuna panya aliyekufa. "Yupo mama, tunamtafuta," Mwalimu akajibu, kwa sauti ya mtu anayesema kweli.

Na alifundisha vizuri. Inaniuma kuyaandika haya, lakini sijapata kuona mwalimu mwingine kama yule. Aliniita mbele kwa sababu sikuwa mtu wa kuzimia, akaniambia nitie vidole ndani. "Huku kulia, unaona ukuta ulivyo mwembamba? Kazi yake fupi. Anapokea damu iliyochoka kutoka mwilini, anaisukuma hapo jirani tu, mapafuni, ikavute hewa. Sasa njoo kushoto." Ukuta wa kushoto ulijaa mkono, mgumu, mnene. "Huyu ndiye punda. Damu ikirudi kutoka mapafuni, huyu anaipeleka kuanzia utosini mpaka unyayoni, hapumziki tangu tumboni mwa mama yako." Akanionyesha ateri na vena: mshipa mkuu ukiukata unabaki mdomo wazi, ukuta wake wa mpira, kwa sababu umezoea kupigwa na damu kwa nguvu, vena inalala bapa kama kitambaa kilicholowa. Akanionyesha vali, milango ya ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, iliyofungwa kwa kamba nyeupe ngumu kwenye msuli ili isipinduke. Akamimina maji kwa mpira, akakibana chumba cha chini kwa kiganja, na zile ngozi zikapanda, zikakutana, zikaziba. "Mlango huu hauna bawabu," alisema. "Damu yenyewe ikitaka kurudi nyuma, ndiyo inaufunga." Kwa dakika ile nilisahau harufu, nilisahau robota la mitumba, nikajua ninachotaka kufanya maishani.

Kisha akachukua sindano ya nguo na uzi, akaishona vali ya kushoto pembeni mpaka ikabaki na tundu la kupitisha kidole kidogo. "Huu ni moyo wa mtu aliyeugua koo utotoni, likaachwa. Homa, viungo vinauma, inapita, watu wanasahau. Vali haisahau. Inakauka, inashikana." Akamimina maji kutoka juu. Machache yakapita, mengine yakajaa chumba cha juu, yakarudi kwenye mishipa inayotoka mapafuni, yakamwagika mezani mpaka kwenye madaftari yetu. "Maji yamerudi wapi?" akauliza. Tukasema mapafuni. "Mtu huyu analalaje?" Akajibu mwenyewe: "Analala ameketi. Akilala chali maji yanapanda. Na ukimwongezea maji mwilini?" Mwalimu Sefu akafuta mikono taratibu kwenye shati la mitumba alilolifanya tambara. "Unamzamisha nchi kavu," akasema. Mimi nilimwona Nuru na robota lake.

Alhamisi ya wiki hiyo nilichelewa kutoka, na nilipofika uchochoroni nyuma ya jengo nikamkuta Mwalimu Sefu na muuza mishkaki. Kikapu kilikuwa wazi. Moyo wetu wa wiki nzima, uliopita katika vidole vya madarasa yote, ambao mkaguzi hakuuona, ulikuwa kwenye ubao wa muuza mishkaki unakatwa vipande, na pilipili na ndimu zimekwisha kuandaliwa. Uzi wa nguo bado ulikuwa unaning'inia kwenye kipande kimoja. Yule bwana aliuvuta akautupa. Mwalimu aliponiona hakushtuka. "Moto unaua kila kitu, Zuhura," aliniambia. "Hiyo nayo ni baiolojia." Nilitapika kwenye mtaro, na wapita njia wakadhani nina mimba. Tangu siku hiyo sijala mishkaki ya njiani, na watu wakiniuliza sababu nawaambia nina meno mabovu.

Nyumbani, wiki hiyo hiyo, kulikuwa na harusi ya jirani, na wasichana tulikaa uani tukipakana hina. Mimi nilimpaka Nuru. Nilimshika kifundo cha mguu nipate kuchora vizuri, na nilipoachia, alama ya kidole changu gumba ilibaki, shimo lililozama kwenye nyama, likajaa polepole kama unga uliokandwa. Nikabonyeza tena juu zaidi. Ikawa vile vile. Nuru alicheka, akasema namtekenya. Kwa upande wa pili wa uani jirani walikuwa wanamsifu. "Tatu, mwanao kajaa bwana. Tazama, vifundo havionekani." "Ndiyo ruksa hiyo," akajibu mama mdogo, na sauti yake ilijaa fahari. "Tumekula yanga mpaka tukafanana nayo. Acha watoto wanenepe." Walikuwa wametoka kwenye miaka ya ule ugali wa njano wa msaada, na kwao mguu uliovimba ulikuwa mguu ulioshiba. Siwacheki. Lakini wakati ule niliwachukia, nilichukia vicheko vyao na vidole vyao vya mafuta vilivyokuwa vinambonyeza Nuru mashavu.

Nilimpeleka Nuru kwa Mwalimu Sefu, na jambo hili nalitaka lieleweke, kwa kuwa mtu akisoma yaliyofuata atadhani alikuwa hajui. Alijua. Alikuwa na kifaa cha kusikilizia alichokipata alipokuwa anasomea utabibu kabla hajaishia njiani. Alimkalisha Nuru, akatazama mishipa ya shingo iliyokuwa imetutumka, akasikiliza chini ya ziwa la kushoto, kisha akanipa nami. Nilisikia mapigo, na baada ya kila pigo mngurumo wa chini, kama pipa linaloviringishwa chumba cha pili. "Vali ya kushoto," alisema. "Ile niliyoishona. Mpelekeni hospitali kubwa. Watampa vidonge vya kukojoa na sindano ya kila mwezi. Msicheze na huyu mtoto." Alilisema kwa upole, na hakutaka chochote. Nilitoka pale nikiwa nimemsamehe hata mishkaki.

Mama mdogo alipanga foleni hospitali ya serikali kutwa nzima na akatoka na vidonge vidogo vyeupe ndani ya kikaratasi. Alivitazama kwa dharau. Alikuwa ametegemea dripu; siku zile mtu aliyetoka hospitali bila kuwekewa dripu alijihesabu hajatibiwa. Vidonge vikafanya kazi. Nuru alikojoa, akakojoa, kikohozi kikapungua, akalala kwenye mkeka kama watu wengine, na katika muda mfupi maji yote yale yakamtoka. Ndipo ulipoonekana mwili wake wa kweli, ambao ulikuwa mwembamba kupita kiasi. Mashavu yakazama. Mifupa ya shingo ikatokeza. Nilifurahi peke yangu. Jirani wakaacha kumsifu, wakaanza kunong'ona. Nilikuwa ndani nakunja blauzi za mtumba niliposikia kwa dirishani: "Kakonda ghafla hivyo. Na shule anakwenda peke yake." "Nyamaza." "Si nasema tu. Siku hizi ule ugonjwa hauchagui." Mama mdogo alikuwa karibu na bomba, naye alisikia. Aliingia ndani, akachukua kile kikaratasi, akatoka nacho, na niliposikia maji ya choo yakimwagwa nilijua vidonge vimekwenda wapi. "Dawa gani inamkondesha mtoto mpaka watu wanamtungia mambo," aliniambia. "Kama moyo, moyo unataka chakula." Nilimweleza habari ya vali, ya mlango ulioshikana, ya maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mmemaliza kusoma ng'ombe," akasema, "sasa mnataka kunisomea mwanangu." Akamkorogea Nuru uji wa maziwa wenye siagi ya kopo, na baada ya siku chache vifundo vya miguu vikapotea tena, na uani wakaanza tena kumsifu.

Wakati huo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na Mwalimu Sefu alikuwa wa kwanza mtaani kwake. Alichukua fremu ya pembeni mwa duka la vitambaa. Ukutani alitundika cheti cha daktari mstaafu ambaye mimi sikumwona hata siku moja, akapaka kuta rangi ya bluu, akaweka vitanda vya chuma, na juu ya kila kitanda msumari wa kutundikia chupa. Hilo ndilo lililokuwa duka lake hasa. Watu walikuja na malaria, na mafua, na uchovu wa kubeba mizigo sokoni, wakalala pale, wakatundikiwa chupa ya maji iliyotiwa vitamini mpaka ikawa ya njano, wakaondoka wametibiwa. Wenye nafasi walikuja hata bila kuumwa, wakasema wanaongeza damu. Kutoka barabarani uliwaona wamelala mstari mmoja, mikono imenyooshwa, na harufu ya spiriti iliyochanganyika na vikwapa ikikufuata mpaka pembeni mwa mtaa.

Siku yenyewe mambo yalitokea mchana. Nilirudi kutoka shule nikakuta chumba kimefungwa kwa kofuli, na jirani akaniambia Nuru kashindwa kupumua, mama yake kambeba mgongoni kampeleka kwa Mwalimu. Nilikimbia. Alikuwa kitanda cha mwisho. Walikuwa wamemlaza chali na mto wameuondoa, ili dripu iingie vizuri, na chupa ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa tupu sakafuni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mishipa ya shingo ilisimama kama kamba. Kila akivuta pumzi kifua kilichemka, nilikisikia tangu mlangoni, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na povu la waridi, rangi ile ile ya maji ya beseni siku ya Jumanne. Mama mdogo alikuwa ameketi miguuni kwake anamsugua nyayo, anasema, "Inaingia mwanangu, inaingia, vumilia." Mwalimu Sefu alikuwa anagongagonga mpira wa dripu kwa kidole, uteremshe maji haraka zaidi.

"Mwalimu, mkalishe," nilisema. Hakunitazama. Nikasema tena. Alinishika kiwiko akanivuta pembeni, karibu na pazia, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu. "Zuhura, usinivunjie biashara mbele za watu."

"Ulisema mwenyewe. Ulisema unamzamisha."

"Najua nilichosema." Hakukasirika hata kidogo. "Mama yake ametaka dripu. Nilimwambia hospitali, akasema hospitali hawana kitu. Nisipomwekea mimi anavuka barabara, anawekewa na mwingine, na huyo mwingine hajui hata moyo una vyumba vingapi. Bora awe kwangu."

Nimeishi na sentensi ile umri wangu wote. Nimekutana na madaktari wajinga, na walevi, na waliochoka mpaka wakakosea, na wote hao nimewahi kuwaonea huruma. Huyu hakuwa hata mmoja wao. Vidole vilivyonifundisha jinsi mlango unavyofunga ndivyo vilivyokuwa vimefungulia maji, na mwenye vidole alikuwa ananieleza kwa utulivu kwamba ni fadhila. Nilimpita, nikaubana mpira, nikaichomoa sindano mkononi kwa Nuru. Damu ilichuruzika kwenye shuka. Mama mdogo alinipiga kofi la uso, kisha la pili, akaniambia namwua mwanawe, na wagonjwa wengine wakanyanyuka na chupa zao wakitazama. Nilimwinua Nuru kwa makwapa nikamkalisha pembeni mwa kitanda, miguu ikining'inia, ili maji yashuke, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa baridi na amelowa jasho. Povu lake lilinichafua shati la shule. Mwalimu Sefu alikuwa anawaambia watu kwamba binti huyu ana matatizo ya akili, mitihani imemzidi.

Aliyetutoa pale ni Mama Bharati. Alisikia kelele akateremka, mikono bado ina unga, akasimama mlangoni mwa zahanati ambayo hakuwa ameingia tangu ifunguliwe. Alimtazama Nuru, akageuka akamwita mumewe kwa Kigujarati, na gari la kupelekea vitambaa likaletwa mlangoni. Alipanda nyuma pamoja nasi. Njia nzima alimfuta Nuru povu kwa upindo wa sari yake, na nilishindwa kumtazama, nikikumbuka mchicha.

Hospitali ya serikali walimchoma Nuru sindano ya kukojoza, wakampa hewa, wakamwacha ameketi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa uchovu. Aliuliza, "Nani kamwekea maji mtoto huyu?" Mama mdogo akadhani anaulizwa kuhusu chupa iliyobaki. "Haikuisha, daktari. Huyu hapa kaichomoa. Naomba mmmalizie." Daktari alinitazama, akatazama shati langu, akafungua mdomo. Hapo akaitwa kitanda kingine, akaenda. Hakuna mtu mwingine aliyemweleza mama mdogo kosa lilikuwa nini. Kulipokucha Nuru alikuwa anapumua, na mama mdogo alikuwa amekwisha kupanga habari kichwani mwake: Mwalimu Sefu alimwahi, dripu moja na nusu ikamshikilia roho, hospitali wakamalizia. Habari hiyo ilifika Mtaa wa Sikukuu kabla yetu. Zahanati ikajaa zaidi. Matokeo ya mtihani yalipotoka, jina langu lilibandikwa kwenye ubao wa tuisheni, miongoni mwa waliofaulu kwa mkono wake.

Nikawa muuguzi, wodi ya wagonjwa wa moyo, mpaka nilipostaafu. Nuru akaendelea na vidonge na sindano. Safari hii nilivishika mimi mwenyewe, na uani wakasema walivyotaka. Baada ya miaka mingi alifanyiwa upasuaji akawekewa vali ya chuma, na ukikaa naye mahali patulivu unaisikia inavyogonga. Siku ya maziko niliisikia pale mkekani alipokuwa anawasimulia wanawake habari ya dripu. Tulipotoka tulipanda bajaji mpaka Magomeni, anapokaa na mama yake. Kabla hajafungua mlango nikamshika mkono. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia nimemeza uongo ule tangu msichana, na leo nitamweleza mama mdogo kila kitu, chupa kwa chupa, kwa sababu yule mtu amekwenda kaburini na sifa ambayo ni ya kutapisha.

"Da Zuu, nilikuwa macho," Nuru akasema. "Unadhani sikuona? Mto walipouondoa niliwaomba wanirudishie. Niliuona mkono wako. Nilimsikia na yeye pale kwenye pazia, maneno yake yote."

Nilimuuliza kwa nini basi, miaka yote hii.

"Mama alinibeba mgongoni toka Sikukuu mpaka pale. Jua kali, na mimi sikuwa mtoto mdogo. Kila siku ya Mungu anaisimulia safari ile. Ndiyo kazi kubwa aliyowahi kuifanya duniani." Alikuwa anazungumza taratibu, anavuta pumzi katikati. "Sasa wewe umwambie alinibeba kunipeleka wapi? Sefu amekufa, hasikii. Mama anasikia."

Tukaingia. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, miguu imefunikwa khanga, siku hizi haitembei. Nilimwamkia, akaitikia, akataka kujua kama maziko yalikuwa mazuri. Nikasema mazuri. Akauliza watu walikuwa wengi. Nikasema wengi sana. "Haki yake," akasema. "Bila yule mtu ningekuwa nimezika mimi." Akainua mikono yake, vidole vimepinda, akaomba Mungu amsamehe Mwalimu Sefu, amkunjulie kaburi, amlipe kwa kila pumzi anayoivuta Nuru. Nuru alikuwa ananitazama.

Nilisema amina. Kisha nikatoka uani nikatema mate.